Kutengeneza vyuma vya balansi vya kubandika: anza na rimu, gramu zije mwisho

Mafundi wenzangu wa tairi, chuma cha balansi, kile kizito kidogo tunachoweka kwenye rimu ili tairi izunguke bila kutetemeka, wengi tunakiangalia gramu tu, kimeandikwa 10 au 20 basi tunabandika gari inaondoka. Mimi nasema gramu ndo kitu cha mwisho kupanga. Cha kwanza ni pale kitakapokaa, cha pili ni kitakaaje pale bila kutoka, maana chuma chenye gramu sahihi ila kimekaa vibaya kitadondoka Mbezi kabla mteja hajaiona Kibaha, na yeye hatajua kuna kitu kimedondoka, atajua tu stelingi inatetemeka na wewe ndo ulimfungia.

Hapa naongelea vyuma vya kubandika, vile vinavyokaa ndani ya rimu za spoti (za aluminiamu). Vile vya kugonga vyenye klipu kwenye rimu za chuma sikushauri utengeneze mwenyewe. Klipu inataka chuma cha springi kilichochomwa na kupozwa kwa joto lake, ukikunja bati la kawaida litabana leo, kesho linafunguka. Hivyo nunua tu.

Kwanza ujue unapambana na nini

Chukua tairi ya 185/65 R15, ile unayoikuta kwenye Toyota IST nyingi hapa mjini. Kutoka katikati mpaka chini barabarani ni kama sentimita 31, kwa hiyo kwa spidi 100 inazunguka mara 14 na kitu kila sekunde. Ukingo wa rimu ya 15 uko sentimita 19 kutoka katikati. Sasa pale ukingoni kuwe na gramu 30 zimezidi upande mmoja, nguvu inayovuta kwenda nje inafika nyutoni 46 hivi, yaani kama umening'iniza mzigo wa kilo 4.7, alafu mzigo huo unavuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kwa sekunde. Ukishusha spidi mpaka 50 nguvu inabaki robo, kilo 1.2 hivi, kwa sababu inapanda kwa mraba wa spidi. Ndo maana mtu anazunguka Kariakoo, Buguruni, Tabata mwezi mzima kwenye foleni hasikii kitu, siku akienda Moro akaivuka Mlandizi barabara imefunguka, gari inaanza kutetemeka.

Alafu kuna jambo mafundi wengi wanalichukulia kinyume. Wanadhani chuma kinarushwa na spidi. Chuma cha kubandika kinakaa upande wa ndani wa pipa la rimu, kinatazama katikati, na nguvu ya mzunguko inasukuma kwenda nje, kwa hiyo tairi ikizunguka chuma kinazidi kugandamizwa kwenye rimu. Spidi inakisaidia kukaa! Kinachokitoa ni uchafu uliobaki chini ya gundi, maji yaliyopenya pembeni, joto la breki kulainisha gundi rahisi, tope linaloganda na kukwangua, au chuma kilikuwa kinagusa kalipa (ile sehemu ya breki inayobana diski) toka mwanzo. Yote hayo ni mambo ya umbo na gundi, na hayo ndo utakayoyapanga.

Hatua ya 1: pima nafasi iliyopo

Usikate chochote kabla hujaijua nafasi kati ya rimu na kalipa ya breki. Njia rahisi kabisa, chukua plastisini ile ya watoto wa shule, bandika donge ndani ya rimu pale unapotaka chuma kikae, funga tairi kwenye gari, zungusha kwa mkono taratibu mzunguko mzima, fungua uangalie donge limebaki na unene gani. Hapo ndo unajua chuma pamoja na gundi visizidi milimita ngapi. Mimi nataka ibaki milimita 2 au zaidi kati ya chuma na kalipa, chini ya hapo nahama, natafuta mstari mwingine ndani ya rimu.

Ukiwa hapo hapo pima pia kutoka katikati ya rimu mpaka pale chuma kitakapokaa. Pale ndani huwa ni padogo kuliko ukingoni, na hesabu yako yote inasimama kwenye kipimo hicho. Mfano mashine ya balansi imekwambia gramu 30 ikihesabu ukingoni, sentimita 19. 30 mara 19 ni 570. Kama wewe unabandika ndani kwenye sentimita 16, gawa 570 kwa 16 unapata 35 na nusu, kwa hiyo weka 35. Ukiweka 30 umebakiza kosa la karibu gramu 5 za ukingoni. Mashine nyingi zina sehemu ya kuchagua kwamba unabandika ndani, itumie, usiiache kwenye ile ya vyuma vya kugonga kwa sababu ya haraka.

Hatua ya 2: chagua madini

Risasi ni nzito, gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, chuma 7.85, zinki 7.1. Ndo maana risasi ilipendwa, chuma kidogo gramu nyingi, na inakunjika kufuata rimu. Lakini naomba hapa mnisikilize vizuri. Kuyeyusha betri chakavu kwenye sufuria nyuma ya gereji ili upate risasi ya kumwaga kwenye kalibu ni kujitia sumu wewe, dogo anayekusaidia, na watoto walioko nyumbani, kwa sababu vumbi lake unaondoka nalo kwenye nguo na viatu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndo inawaharibu zaidi, inashika ubongo. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vyuma vya balansi vya magari madogo mwaka 2005, California ikafuata 2010, na magari yao yanaendelea na balansi kama kawaida. Kwa hiyo tunatumia chuma.

Chuma kinachotufaa ni flati ba (chuma bapa kirefu) ya milimita 20 kwa 3, ipo duka lolote la vyuma, Gerezani, Buguruni, Tegeta. Unene wa 3 ukijumlisha gundi ya milimita 1 unapata 4, rimu nyingi inapita kwenye kalipa. Unene wa 5 au 6 unapunguza urefu kweli ila utakwama kwenye nafasi.

Hatua ya 3: panga urefu wa kipande

Hii hatua ndo moyo wa kazi, isome taratibu.

Kwa hesabu, flati ba ya 20 kwa 3 ina gramu 0.47 kwa kila milimita ya urefu. Gramu 30 zingekuwa kipande kimoja cha milimita 64. Mtu atasema basi nikate cha 64 nibandike nimalize. Hapana. Ndani ya rimu ni duara na chuma chako kimenyooka, ukikiweka kinagusa ncha mbili tu, katikati kinaacha uwazi. Kwa duara la sentimita 16 na nusu kutoka katikati, kipande cha milimita 64 kinaacha uwazi wa milimita 3 katikati, na gundi ya milimita 1 haiwezi kuziba hapo, maji yanaingia chini, na kila shimo la barabara linafanya chuma kibanduke kidogo kidogo. Kata sasa vipande vya gramu 10, milimita 21 kila kimoja, uwazi unashuka mpaka sehemu ya tatu ya milimita, gundi inaumeza wote. Kwa hiyo gramu 30 ni vipande vitatu vya 10 vimepangana kwenye mstari. Kipande cha 10 ndo kikubwa chako, cha 5 ndo kidogo chako, basi.

Kupangana nako kuna mpaka wake. Vyuma vikitanda kwenye upinde mrefu vile vya pembeni vinavuta kwa mshazari, si vyote vinavuta upande mmoja. Ukitandaza mpaka karibu sentimita 20 pale ndani unapoteza karibu asilimia 6, yaani gramu 90 zinafanya kazi ya 85. Ukiona umefika huko, toa tairi, izungushe nusu mzunguko kwenye rimu uifunge tena, mara nyingi hitaji linapungua.

Sasa usiniamini mimi na 0.47 yangu. Flati ba za madukani unene wake unacheza, imeandikwa 3 ukipima unakuta 2.8. Kata kipande cha milimita 100 kamili, kipime. Kikitoka gramu 47 uko sawa, kikitoka 44 basi kila milimita yako ni 0.44. Mizani iwe inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, zile ndogo za sonara, Kariakoo zipo.

Kingine kinachosahaulika, gundi na rangi vina uzito wake. Kwenye kipande cha gramu 10 gundi ya milimita 1 ni kama gramu 0.3, rangi 0.1 hivi. Kwa hiyo chuma kitupu lengo ni 9.6. Gawa 9.6 kwa 0.47 unapata milimita 20.4, na kama ni 0.44 unapata 21.8.

Hatua ya 4: kata

Bana flati ba kwenye vaisi, weka kizuizi cha chuma upande wa mwisho ili kila kipande kitoke urefu mmoja bila kupima upya, kata na grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1. Diski inakula chuma, milimita 1 ni nusu gramu, usiihesabu ndani ya kipande. Ba moja ya mita 6 inakutolea vipande 280 hivi vya gramu 10. Miwani ya macho ni lazima, sio hiari. Piga tupa kingo zote na pembe ziwe za duara, pembe kali ndo inayoshika tope na ndo rangi inapoanza kubanduka.

Pima kila kimoja. Nakubali tofauti ya gramu 0.3 juu au chini. Sababu ni kwamba ukibandika sita pamoja na vyote vimekosea upande mmoja, unakuwa nje kwa 1.8, bado ndogo. Ukikubali kosa la gramu moja, sita ni gramu 6, na hapo umerudisha tatizo lile lile ulilokuja kuliondoa.

Hatua ya 5: rangi

Hapa Dar usiruke. Hewa ya chumvi kuanzia Kigamboni mpaka Kunduchi inakula chuma kitupu haraka, na chuma chenye unyevu wa chumvi kikigusa rimu ya aluminiamu, inayoliwa ni rimu ya mteja. Piga msasa, futa na tina (thinner), praima ya zinki, alafu rangi, iache ikauke kabisa. Gundi yako haishiki chuma, inashika rangi, kwa hiyo rangi ikibanduka kila kitu kinaondoka nayo. Kabla hujapaka mzigo mzima chukua vichache, vikwaruze kidogo, vitumbukize kwenye lita ya maji yenye gramu 35 za chumvi, hapo ni karibu sawa na bahari, viache wiki. Kutu ikitambaa chini ya rangi, badilisha praima.

Hatua ya 6: gundi na kubandika

Tumia dabo tepu (tepu yenye gundi pande mbili) ya povu la akriliki, sio ile nyeupe ya sponji ya kubandikia picha ukutani, ile ikipata joto la breki inalainika. Kata iwe sawa na chuma, isipungue kwenye kingo. Rimu ioshwe, ikauke, ifutwe na spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, na isiwe ya moto ya kutoka barabarani. Gandamiza kila kipande kwa dole gumba sekunde 15 kwa nguvu. Tepu hizi zinafika nguvu yake kamili baada ya siku tatu, kwa hiyo mwambie mteja asipeleke gari kuoshwa kwa maji ya presha kabla ya hapo.

Mteja akitaka vyuma visionekane, vifiche nyuma ya mikono ya rimu kwa kugawa mara mbili. Rimu ya mikono mitano, sehemu inayodaiwa na mashine ikiwa katikati kabisa ya mikono miwili, gramu 40 zinakuwa 25 na 25, sio 20 na 20, kwa sababu kila kimoja kimekaa pembeni na sehemu ya nguvu yake inapotea.

Hatua ya 7: hakiki

Rimu ikishasoma sifuri pande zote mbili, bandika kwa muda gramu 50 za vyuma vyako popote kwenye mstari ule ule ulioiwekea mashine, zungusha. Mashine inatakiwa ikudai 50 upande wa pili kabisa. Ikidai 40 au 60 pima vipande tena, vikiwa sawa basi mashine ndo inahitaji kusetiwa. Baada ya wiki mwite mteja, pitisha kucha kwenye pembe za kila kipande, ikiingia chini toa ubandike kingine kipya, usirudishie gundi ya zamani.

Na kama mashine inasoma sifuri ila gari bado inatetemeka, usiongeze chuma. Safisha kutu kwenye habu pale rimu inapokaa, angalia rimu kama imepinda na tairi kama imekuwa yai, maana hayo hakuna gramu itakayoyaondoa.