Anza na kosa lako mwenyewe

Nasimamia watu tisa kwenye ghala moja Industrial Area, Nairobi, na hili nimelijaribu miezi miwili sasa. Kwenye mkutano wa Jumatatu asubuhi, kabla hujamuuliza yeyote habari za kazi, taja kosa lako moja la wiki iliyopita, na hesabu yake: "Niliagiza katoni 40 badala ya 14. Nimeshapiga simu, 26 zinarudi leo." Kisha nyamaza. Usijitetee, wala usisingizie foleni ya Mombasa Road. Watu huficha makosa bosi akijifanya hakosei; wakisikia lako limetajwa na hakuna aliyekufa, dereva atakuambia mapema kwamba breki zinalia, si baada ya lori kukwama Mlolongo. Haisaidii ukichagua kakosa ka kujisifu, eti "mimi hujituma kupita kiasi". Wanakujua, watakucheka wakifika kibandani kwa chai. Na ukimfokea wa kwanza kufuata mfano wako, basi, umewafunga midomo hadi Desemba. Kosa likimhusu mwenzako pia, ongea naye kando kwanza.