Tope la majitaka: ua mayai ya minyoo kabla ya kulipeleka shambani

Tope la majitaka lililokauka mpaka likapasukapasuka kwenye kitanda cha kukaushia linaonekana salama, wala halinuki. Usiliamini. Ukavu hupunguza bakteria wengi, lakini yai la mnyoo wa askaris lina ganda gumu na linaweza kukaa udongoni miaka likiwa hai. Baridi ya nyanda za juu kama Njombe au Makete ndiyo inayolihifadhi: Shirika la Afya Duniani linashauri kinyesi kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwenye nyuzi 2 hadi 20, na hata hapo mayai machache huweza kubaki. Huku kwetu dawa ya uhakika ni joto.

Changanya ndoo moja ya tope lililochujika maji na ndoo mbili hadi tatu za maranda au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Maranda ya Mafinga yanafaa, ila si ya nguzo zilizotiwa dawa. Kamata konzi moja uikamue: ishikane, isichuruzike. Lundo liwe na kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 2. Lundo dogo hupigwa na baridi ya Juni na Julai likapoa kabla ya kufanya kazi.

Chomeka kipimajoto kirefu katikati na pembeni kila siku. Lenga nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, ukiligeuza angalau mara tano. Ndicho kipimo cha kanuni za Marekani kwa malundo ya kugeuzwa. Siku iliyoshuka chini ya 55 usiihesabu. Unapogeuza, cha nje kiende ndani, maana mayai hupona kwenye ngozi ya lundo. Likinuka na kukataa kupata moto, limelowa: ongeza maranda. Likiwa kavu, nyunyiza maji safi.

Kosa linaloharibu kazi yote ni koleo. Lililochota tope bichi likigusa mboji iliyoiva, limerudisha vijidudu, na bakteria wa salmonela huzaliana tena penye unyevu. Tenga koleo, toroli na buti.

Joto haliondoi metali zenye sumu kama risasi na kadmiamu, kwa hiyo tope lenye maji ya viwandani lisiingie shambani bila kupimwa maabara.

Tope ambalo halikufikia joto hilo lipeleke kwenye miti ya mbao. Likishachanganywa na udongo wa shamba, kanuni hizohizo za Marekani zinataka miezi 38 ipite kabla ya kuvuna viazi au karoti hapo.