Kabla Hujaanza Kumtafuta Baba Asiyetajwa: Nasaba za Makoloni ya Hispania

Anayefuatilia ukoo wenye asili ya Meksiko, Chile, Peru, Kuba au Ufilipino hachelewi kukutana na mstari huu: mtoto amebatizwa, mama ametajwa, na mahali pa baba pameandikwa "padre no conocido", baba hajulikani. Wakati mwingine wazazi wote wawili hawajulikani. Wengi hukata tamaa hapo. Wengine hufanya baya zaidi: humchukua mwanamume yeyote wa jirani mwenye jina linaloelekea kufanana, wakambandika kwenye mti wa ukoo, na baada ya muda kila mtu ananakili. Haya yafuatayo ni mambo ya kuweka sawa kabla hujaufikia mstari huo.

La kwanza ni kuelewa kitabu cha ubatizo ni kitu gani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliwaagiza maparoko watunze vitabu vya ndoa na vya ubatizo, na makoloni yakafuata. Paroko aliandika nani kabatizwa, lini, na nani wasimamizi wake. Kuhusu baba aliandika alichoambiwa, na alichoambiwa kilipimwa kwanza kwa heshima ya familia. "Hajulikani" mara nyingi ni mtu ambaye kijiji kizima kilimjua, ila hakuna aliyekuwa tayari jina lake liandikwe. Kwa hiyo jiulize swali moja na usiliache: ni katika nyaraka zipi kumficha baba huyu kungeleta hasara? Huko ndiko kwa kutafuta.

Kisha jifunze maneno ya vitabu hivyo kwa maana yake ya kisheria. "Hijo legítimo" ni mtoto wa ndoa. "Hijo natural" si kila mtoto wa nje ya ndoa. Tangu Sheria za Toro, sheria za Hispania za 1505, ni yule ambaye wazazi wake, mimba ilipoingia au mtoto alipozaliwa, walikuwa huru kuoana. Paroko makini akiandika "natural", amekupunguzia orodha: waume za watu na mapadre wanatoka. Watoto wa hao waliitwa "adulterino" na "sacrílego". Lakini si kila paroko alikuwa makini. Soma kurasa zake za miaka miwili mitatu mfululizo uone analitumiaje neno kabla hujajenga hoja juu yake. Soma pia pembezoni mwa ukurasa, kwani wazazi waliooana baadaye walimhalalisha mtoto wao, na taarifa hiyo mara nyingine iliongezwa kando ya ubatizo wake, kwa wino tofauti.

Neno "expósito", mtoto wa kuokotwa, linahitaji tahadhari ya pekee. Mama wa familia yenye jina alipopata mimba iliyopaswa kufichwa, mtoto aliweza kubatizwa kama mwana wa wazazi wasiojulikana, kisha "akaokotwa" mlangoni mwa shangazi au bibi yake mwenyewe. Kwa hiyo andika mtoto aliachwa kwenye nyumba ya nani, nani alimsimamia, na nani alimwachia kitu katika wosia miaka mingi baadaye. Nimeona watu wakiruka jina la mwenye nyumba kana kwamba ni pambo tu, nami naliona ndilo jina zito kuliko yote kwenye ukurasa. Fahamu pia kwamba mwaka 1794 Mfalme Carlos wa Nne aliamuru watoto wa kuokotwa wahesabiwe halali katika mambo ya kiraia. Baada ya hapo hadhi ya halali ya mtu wa namna hiyo haithibitishi kwamba wazazi wake walikuwa na ndoa.

Usiyasome majina ya ukoo kwa mazoea ya leo. Desturi ya majina mawili, la baba kisha la mama, ilikaza katika karne ya 19. Kabla ya hapo ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, mmoja la baba, mwingine la bibi aliyeacha urithi. Nyumba za watoto wa kuokotwa nazo zilitoa majina yao. Askofu Mkuu Francisco Antonio de Lorenzana alianzisha moja jijini Mexico mwaka 1767, na watoto wake wakaitwa Lorenzana. Kule Havana waliitwa Valdés, kwa jina la Askofu Jerónimo Valdés. Akina Valdés wawili wa Havana, basi, huenda hawana undugu wowote. Ufilipino ina mtego wake: amri ya Gavana Narciso Clavería ya Novemba 1849 iligawa majina ya ukoo kutoka kwenye orodha maalumu, hata kuna miji ambako karibu familia zote zilipata majina yanayoanza na herufi moja. Huko, jina la baada ya 1849 halikuvushi kwenda nyuma.

Usiamini pia kwamba ubatizo utakuwa mahali na mwaka wa kuzaliwa. Bernardo O'Higgins, aliyekuja kuongoza Chile kwenye uhuru wake, alizaliwa Chillán Agosti 1778, lakini ubatizo wake uko Talca, Januari 1783, mtoto akiwa ameshatimiza miaka minne. Ukurasa ule unamtaja baba waziwazi, Ambrosio Higgins, kanali wa mfalme, na kusema hajaoa. Aliyefichwa ni mama: mwanamke wa familia kubwa, naye hajaolewa, ambaye jina lake halikuwekwa kwa ajili ya kulinda heshima yake. Aliitwa Isabel Riquelme. Bernardo alitumia jina la Riquelme hadi baba yake, aliyekuwa ameshafika cheo cha makamu wa mfalme wa Peru, alipofariki mwaka 1801. Aliyemtafuta Bernardo O'Higgins katika vitabu vya Chillán vya 1778 angerudi mikono mitupu, na sababu isingekuwa kupotea kwa nyaraka.

Sasa nifike kwenye mafaili ambayo ningeyapa muda kuliko mengine yote: ya uchunguzi wa ndoa na dispensa, yaani ruhusa ya Kanisa ya kuoana licha ya kipingamizi. Kanisa lilikataza ndoa hadi daraja ya nne ya udugu wa damu, yaani kati ya watu waliochangia babu wa babu. Damu ya nje ya ndoa ilihesabiwa sawa na ya ndani. Hata tendo la ndoa bila ndoa lilizaa kipingamizi: bwana harusi aliyewahi kulala na dada wa bibi harusi alihitaji dispensa. Ndoa iliyofungwa juu ya kipingamizi kilichofichwa ilikuwa batili. Chukua basi mjukuu wa yule mtoto wa "baba hajulikani", anayetaka kumwoa binti wa kizazi halali cha baba huyohuyo. Wazee wanaolijua jambo hawawezi kunyamaza tena. Wanaapa mbele ya padre na karani, mmoja baada ya mwingine, kwamba ni "público y notorio", inajulikana na wote, kuwa fulani alikuwa mwana wa fulani. Mara nyingine faili lina mti mdogo uliochorwa kwa kalamu, shina ni yule baba ambaye kitabu cha ubatizo kilimkataa, matawi mawili yakishuka hadi kwa wachumba.

Kwa hiyo usitafute faili la mtoto peke yake. Orodhesha ndoa za watoto wake, wajukuu na vitukuu, hasa zile za ndani ya kijiji kilekile. Mafaili haya mara nyingi hayako parokiani, yako kwenye hifadhi ya jimbo la Kanisa, hivyo jua mapema mji wako ulikuwa chini ya askofu yupi mwaka ule, maana mipaka ya majimbo ilibadilika. Kwa jamii za wenyeji wa Amerika mambo ni tofauti: Papa Paulo wa Tatu aliwaruhusu mwaka 1537 kuoana katika daraja ya tatu na ya nne, kwa hiyo utakuta dispensa chache zaidi.

Wosia unafuata kwa umuhimu. Mtu aliyekuwa anakufa alitaka kutua mzigo, na sheria ilimruhusu baba mwenye watoto halali kumwachia mtoto wa nje hadi sehemu moja ya tano ya mali. Soma wosia mzima pamoja na nyongeza zake. Zawadi kubwa kwa "yatima niliyemlea" inastahili kusomwa mara mbili. Wachache wenye uwezo walinunua uhalali kwa mfalme, kibali kilichoitwa "gracias al sacar", na bei zake zilichapishwa mwaka 1795. Maombi yao, yenye ushahidi wa majirani na ndugu, yako Archivo General de Indias, hifadhi ya nyaraka za makoloni mjini Sevilla, na sehemu ya hifadhi hiyo inasomeka bure kwenye PARES, tovuti ya hifadhi za nyaraka za Hispania. Vitabu vingi vya parokia vimepigwa picha na kuwekwa kwenye FamilySearch, tovuti ya nasaba.

Jiandae na mwandiko. "Fran" yenye "co" ndogo iliyoinuliwa ni Francisco, wala si jina la Franco. Tafuta pia katika zaidi ya kitabu kimoja, kwa sababu parokia nyingi zilikuwa na vitabu tofauti kwa Wahispania, kwa wenyeji, na kwa watu wa asili mchanganyiko na Waafrika, na mtu aliweza kubatizwa katika kimoja na kuoa katika kingine. Kwa watumwa, mama na mmiliki huandikwa, baba mara chache. Msomaji wa pwani yetu atashtuka kuona "de nación Mozambique" katika vitabu vya Montevideo na Buenos Aires vya mwishoni mwa karne ya 18. Hilo lilikuwa jina la bandari na ukanda walikopakiwa, wala halitaji kabila wala mzazi.

Vipimo vya vinasaba (DNA) vije mwisho. Babu aliyezaliwa 1780 yuko mbali kiasi kwamba huenda hakukuachia kipande chochote kinachopimika, na katika vijiji ambako binamu walioana kizazi baada ya kizazi, ndugu wa mbali huonekana wa karibu. Kabla ya kumwomba mzee ateme mate kwenye kichupa, mweleze kwamba majibu yanaweza kugusa hata wazazi wake mwenyewe, na umwache akatae akitaka.

Amua pia leo, kabla jina zuri halijakuvutia, ni ushahidi gani utakutosha. Mimi hutaka nyaraka mbili zisizotegemeana, ambazo walioziandika hawakuwa na faida ileile. Pasipo hizo, kwenye nafasi ya baba andika "anadhaniwa", weka namba ya kitabu na ya ukurasa, na taja wanaume wengine ambao bado hujawaondoa.