Namna ya Kuonyesha Maisha na Kazi za F. W. Murnau katika Ukumbi Mdogo wa Iringa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, vikundi vya vijana na wenye mabanda ya video mjini Iringa, na hata Mbeya, Njombe au Makambako, ambao wangependa kuwapitisha watu katika kazi za mwongozaji mmoja wa filamu kutoka Ujerumani, tangu alipoanza hadi alipofariki, bila kuwachosha kwa mhadhara. Mwongozaji ninayempendekeza ni Friedrich Wilhelm Murnau. Ninamchagua kwanza kwa sababu ya kivitendo: filamu zake ni bubu, na filamu bubu haimdai mtazamaji ajue Kijerumani wala Kiingereza. Inachohitaji ni mtu wa kusimama kando ya skrini na kusimulia, na jambo hilo si geni kwetu, kwa kuwa wengi tumekulia kwenye mabanda ambamo Lufufu na watafsiri wenzake ndio waliozifanya filamu za kigeni zieleweke kwa Kiswahili.

Yajue maisha yake, lakini usiyasome mbele ya watu

Msimuliaji hana budi kuyafahamu maisha ya Murnau kabla ya jioni ya kwanza, ingawa hatayasema yote. Alizaliwa mjini Bielefeld tarehe 28 Desemba 1888 kwa jina la Friedrich Wilhelm Plumpe, akakulia Kassel, kisha akasoma lugha, fasihi na historia ya sanaa katika vyuo vikuu vya Berlin na Heidelberg. Akiwa Heidelberg alionekana jukwaani na Max Reinhardt, mwongozaji wa tamthilia aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote nchini Ujerumani wakati ule, naye akamkaribisha kwenye shule yake ya uigizaji. Jina la Murnau alilitwaa kutoka kwenye mji mdogo wa Bavaria. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alipelekwa upande wa mashariki kama mwanajeshi wa miguu, akaja kuhamia jeshi la anga, na mwaka 1917 ndege yake ikatua Uswisi, nchi ambayo haikuwa upande wowote, akazuiliwa huko. Rafiki yake wa karibu sana, mshairi Hans Ehrenbaum-Degele, alikuwa ameshauawa vitani mwaka 1915. Filamu yake ya kwanza, Der Knabe in Blau, ilitengenezwa mwaka 1919, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa ametengeneza filamu 21, ambazo kadhaa kati yake hazipo tena duniani.

Habari hizi zigawanywe katika jioni zote, kila moja isemwe pale ambapo picha yenyewe inaiomba. Habari za kuruka angani zinafaa kutajwa pale kamera inapoanza kuelea. Habari za vita na za rafiki aliyeuawa zinafaa pale majeneza yanapobebwa mtaani katika Nosferatu, filamu iliyotengenezwa miaka michache tu baada ya Wajerumani kuzika vijana wao. Mtazamaji anayepewa wasifu wote kabla taa hazijazimwa huwa ameusahau kabla ya nusu ya filamu.

Vibali, vifaa na saa

Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na maonyesho ya hadhara yako chini yake. Kwa hiyo, kabla ya kubandika tangazo lolote, nenda ukamwone ofisa utamaduni wa halmashauri, umweleze ni filamu zipi, zitaonyeshwa wapi na kwa watu wa umri gani. Kuhusu hakimiliki, filamu za Murnau ni za zamani sana, lakini usidhani kwamba kila nakala ni bure: muziki mpya uliorekodiwa juu yake una wenyewe, na kazi ya kuzikarabati picha nayo ina wenyewe. Ukiwa na shaka, iulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Vifaa si vingi. Unahitaji projekta, kompyuta mpakato, spika, maiki ya msimuliaji na shuka jeupe lililonyooshwa vizuri bila makunyanzi. Projekta iunganishwe na inveta yenye betri, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya filamu bubu ni vigumu kuwarudisha watu walipokuwa. Mwezi Juni hadi Agosti baridi ya Iringa haina masihara, hivyo fungeni madirisha mapema na waambieni watu waje na makoti. Anzeni saa moja usiku, giza likiwa limeingia, ili mmalize kabla bajaji za kwenda Kihesa na Mkwawa hazijawa za kutafuta kwa tochi.

Uchaguzi wa nakala unastahili muda mwingi kuliko watu wanavyoupa. Filamu bubu zilipigwa kwa kamera zilizozungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa mwendo ulio chini ya picha 24 kwa sekunde zilizokuja kuwa kawaida baadaye. Zikichezwa kwa mwendo huo wa sasa, kila mtu anaonekana anakimbia kama kuku, na ukumbi unacheka mahali pasipo na kichekesho. Nakala nzuri ya Nosferatu ina urefu wa takriban saa moja na nusu. Ikiwa yako inaisha baada ya saa moja na dakika chache, imekatwa au imekimbizwa, itafute nyingine. Hakikisha pia kwamba ina rangi zake za kupaka: matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya buluu ili ieleweke kuwa ni usiku. Katika nakala isiyo na rangi hizo, Orlok, mwinyi mnyonya damu ambaye mwanga wa jua humuua, anatembea mchana kweupe huku amekumbatia jeneza lake, na hakuna msimuliaji awezaye kuliokoa jambo hilo.

Msimuliaji

Msimuliaji aangalie kila filamu mara kadhaa akiwa peke yake, aandike kwenye daftari dakika ambazo vibao vya maandishi, yaani maneno yanayokatiza picha ili kueleza kisa, vinatokea, na aandae tafsiri yake mapema badala ya kubahatisha papo hapo. Aige kwa watafsiri wa mabandani ule ujasiri wa kusema na watu, lakini asiige mazoea ya kuongea tangu mwanzo hadi mwisho. Murnau aliwategemea sana waigizaji wake wasimame, wageuke, wainame. Msimuliaji anayeeleza kile ambacho kila mtu anakiona anaidharau hadhira. Ninashauri asome vibao, ataje majina ya wahusika wanapotokea mara ya kwanza, aeleze jambo la kigeni lisiloeleweka kwa macho, kisha anyamaze. Wazee wakianza kubishana wao kwa wao kwa Kihehe kuhusu mhusika fulani, waacheni wabishane.

Kwa muziki, mji huu umejaa wapiga kinanda wa kwaya, Walutheri kwa Wakatoliki, na mmoja wao akipewa nafasi ya kuitazama filamu mapema anaweza kuipigia muziki vizuri zaidi ya rekodi nyingi zilizomo kwenye nakala za mtandaoni. Malipo yake mkubaliane kabla.

Mpangilio wa filamu

Usianze na Nosferatu, ijapokuwa ndiyo maarufu kuliko zote. Hii ni rai yangu, na wengine watanipinga. Katika nyanda hizi maneno ya mumiani na wanyonya damu hayajawa hadithi za kale tu. Watu husikia uvumi huo na huuamini, na uvumi wa namna hiyo umewahi kuleta madhara kwa wageni wasio na hatia. Jioni ya kwanza iliyo na mnyonya damu inaweza kukuharibia shughuli nzima.

Anza na Der letzte Mann ya mwaka 1924. Ni kisa cha bawabu mzee wa hoteli kubwa, aliyeigizwa na Emil Jannings, ambaye hadhi yake yote mtaani kwao inatokana na koti lake la vifungo vinavyong'aa. Siku moja meneja anaona amezeeka, anamvua koti na kumpeleka kuhudumu chooni. Hakuna mtu Iringa anayehitaji kuelezwa maana ya sare ya kazi. Filamu hii karibu haina vibao vya maandishi, hivyo inampa msimuliaji mwanzo mwepesi: atafsiri barua ya meneja na kile kibao kimoja kinachotangulia sehemu ya mwisho, ambamo mwandishi Carl Mayer anakiri kwamba katika maisha ya kweli mzee huyu asingekuwa na la kutarajia ila kifo, lakini kwa kumhurumia amempa mwisho mwingine. Hapo uliza ukumbi kama wanaukubali mwisho huo. Eleza pia kwamba mpigapicha Karl Freund aliishusha kamera kutoka kwenye miguu yake mitatu, akaifunga kifuani na kupanda nayo baiskeli, jambo lililobadilisha namna filamu zilivyopigwa Ujerumani na Marekani pia. Hadhira ikishajua hilo, itaanza yenyewe kuitafuta kamera katika filamu zitakazofuata.

Jioni ya pili ndipo iwe Nosferatu, nayo iwe ya watu wazima na ya vijana wakubwa. Kabla ya kuanza, sema waziwazi kwamba ni hadithi ya kubuni na kwamba Orlok ni mwigizaji aitwaye Max Schreck aliyepakwa vipodozi. Kisha simulia kesi yake, kwa kuwa inavutia sawa na filamu. Kampuni ya Prana-Film iliichukua riwaya ya Dracula bila kulipia haki, ikabadilisha majina ya wahusika, na ikaionyesha filamu Berlin tarehe 4 Machi 1922. Mjane wa mwandishi, Florence Stoker, alifungua kesi. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Tunaitazama leo kwa sababu baadhi ya nakala zilikuwa zimeshavuka mipaka. Wasanii wa Bongo waliomo ukumbini watakuwa na maoni makali kuhusu kesi hiyo, na si wote watakuwa upande wa mwongozaji.

Tartuffe na Faust za mwaka 1926 zinaweza kurukwa na kikundi chenye muda mchache. Ukitaka kuonyesha kipande kimoja tu cha Faust, onyesha pale Mefisto, yule shetani, anapolitandaza joho lake jeusi juu ya mji mzima.

Mwaka huohuo Murnau alihamia Marekani kwa mwaliko wa William Fox, mwenye studio ya filamu, na jioni ya tatu iwe ya Sunrise ya mwaka 1927. Mkulima anashawishiwa na mwanamke wa mjini amzamishe mkewe ziwani. Anampandisha mtumbwini, anashindwa kulitenda, na siku nzima iliyobaki wawili hao wanaimaliza mjini wakijaribu kurudiana. Katika tuzo za kwanza za Academy (Oscar), zilizotolewa tarehe 16 Mei 1929, filamu hii ilitambuliwa kwa upekee wake wa kisanaa na kwa upigaji picha, naye Janet Gaynor akawa mwigizaji bora wa kike kwa kazi zake tatu, hii ikiwamo. Ina muziki wake uliorekodiwa tangu mwanzo, kwa hiyo mpiga kinanda apumzike na msimuliaji apunguze maneno.

Ningeongeza City Girl ya mwaka 1930 kwa ajili ya wakulima, hata kama wahakiki wengi huiweka nyuma. Kijana anatumwa Chicago kuuza ngano ya familia, bei inashuka akiwa njiani kuiuza, naye anarudi nyumbani na fedha pungufu na mke ambaye baba yake hakumtarajia. Watu waliowahi kushikilia magunia ya mahindi wakisubiri bei ipande watamwelewa yule baba, japo ni mkatili. Eleza kwamba Murnau na studio hawakuelewana kuhusu filamu hii, akaondoka kabla haijakamilika kama alivyotaka.

Jioni ya mwisho

Iliyobaki ni Tabu, iliyopigwa katika visiwa vya Tahiti na Bora Bora kwa kuwatumia wenyeji kama waigizaji. Murnau aliianza pamoja na Robert Flaherty, mwongozaji wa filamu za hali halisi, wakatofautiana, na Murnau akaigharimia kwa fedha zake. Iliandaliwa kwa upendo, lakini bado ni filamu ya mgeni anayetaka kuona pepo mahali ambapo wenyeji walikuwa wanaishi chini ya utawala wa kikoloni. Msimuliaji aliseme hilo bila kuificha sifa ya picha zake, ambazo zilimpatia Floyd Crosby tuzo ya upigaji picha. Kifo cha Murnau kisimuliwe kabla ya filamu kuanza: alipata ajali ya gari karibu na Santa Barbara, akafariki tarehe 11 Machi 1931 akiwa na miaka 42, na Tabu ikaonyeshwa New York tarehe 18 mwezi huohuo.

Alizikwa Stahnsdorf, nje ya Berlin, na mwezi Julai 2015 iligundulika kwamba kaburi lake limevunjwa na fuvu lake limeibwa. Ukilisema hilo Iringa, mtu atalitaja fuvu la Mtwa Mkwawa kabla hujamaliza sentensi, na atakuwa na haki. Jiandae kujibu kwa heshima. Fuvu la Mkwawa lilichukuliwa na dola iliyoshinda vita, likadaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954. La Murnau liliibwa na watu wasiojulikana, bila dola wala vita. Usiyafanye mambo mawili kuwa moja kwa ajili ya kuwafurahisha watu, wala usiyazuie mazungumzo, na kama yuko mzee anayeijua vizuri habari ya Kalenga, mpe maiki.

Baada ya jioni hiyo wapo watakaotaka kuona zaidi. Waelekeze kwenye Faust nzima, na kwenye Schloss Vogelöd na Phantom, ambazo zipo. Akitokea mtu na flashi akidai kwamba anauza 4 Devils ya mwaka 1928 au ile Der Knabe in Blau, msinunue: filamu hizo mbili zimepotea, na alichonacho ni kitu kingine.