Begi la kupandia Usambara: anza na kiuno

Ukienda mitumbani hapa Tanga kutafuta begi la mgongoni la safari ya kulala porini, usianze kuhesabu mifuko na zipu. Tazama mkanda wa kiunoni kwanza. Uwe mpana, wenye sponji nene, na ukiufunga ukae juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni. Mzigo unatakiwa ubebwe na nyonga. Kazi ya mabega ni kulizuia begi lisiyumbe tu. Mwombe muuzaji alitie kilo 10 za chochote, hata viatu anavyouza, utembee nalo hatua 50. (Atanuna kidogo, lakini atakubali.) Mikanda ya mabega ikikukata na huku kiuno umekifunga vizuri, begi hilo si saizi ya mgongo wako, hata bei iwe tamu vipi.

Mimi niliwahi kupanda msitu wa Amani, huko huko Usambara, na begi la shule, sufuria imening'inia nje inanigonga kila hatua. Kwa siku mbili tatu, begi la ujazo wa lita 50 linatosha. Na kule msituni mvua haipigi hodi: nguo zifunge kwenye nailoni nzito humo humo ndani, maana maji hupenya kwenye mishono na zipu.