Mambo ya kuzingatia kabla ya kuunda kompyuta kwenye kasha dogo la wima

Kasha la wima la ukubwa wa kati lililobanwa vipimo hupokea ubao mama (bodi kuu inayobeba vifaa vingine) uleule wa kipimo sanifu cha ATX, wa milimita 305 kwa 244, unaoingia kwenye kasha kubwa. Kinachopungua ni nafasi ya kuuzunguka: juu yake, mbele yake, na ule upenyo wa nyuma wa kupitishia nyaya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya rula na karatasi, na ifanyike kabla hujanunua chochote.

Tafuta kwenye maelezo ya kasha urefu unaoruhusiwa wa kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini), kimo cha kipoza cha prosesa (chipu inayofanya hesabu zote), na urefu wa pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme). Tatizo la namba hizi ni kwamba mara nyingi kila moja hupimwa kana kwamba vifaa vingine havipo. Tuseme kasha limeandikwa kupokea kadi ya milimita 330 mbele pakiwa patupu. Ukifunga hapo rejeta (bamba la kutolea joto) ya kipoza cha maji yenye unene wa milimita 27 pamoja na feni zake za milimita 25, zimekwenda 52, zimebaki 278. Kadi ya milimita 300 haiingii tena. Hata hesabu ikikubali, acha milimita 10 za ziada, kwa sababu kadi haiingii ikiwa imenyooka: huinamishwa kwanza ndipo ikae kwenye tundu lake.

Pima pia upana wa kadi, yaani kutoka kwenye ubao kuelekea mlango wa pembeni. Hapa ndipo wengi hujisahau. Kadi zenye nguvu zinazotumia plagi ya umeme ya pini 16 zinataka waya utoke ukiwa umenyooka kwa takriban milimita 35 kabla ya kukunjwa. Mlango wa kioo ukiusukuma waya huo, pini hazishikani vizuri, joto hupanda pale zinapogusana, na plastiki inaweza kuyeyuka. Kama nafasi hiyo haipo, chagua kadi nyembamba zaidi. Usiufunge mlango kwa kuukandamiza.

Kwa kipoza cha feni, angalia RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda) pamoja nacho. RAM ndefu zenye mapambo juu hulazimisha feni ya mbele ya kipoza ipandishwe, na ikipandishwa milimita 8, kimo kizima kinaweza kuongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kipoza cha milimita 158 hakitoshi tena kwenye kasha linaloishia 160. RAM fupi humaliza tatizo hilo bila kupunguza kasi.

Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kinachobadilika ni urefu. Ya milimita 140 huacha mahali pa kukunjia nyaya, ilhali ya 180 mara nyingi hudai uondoe kizimba cha diski. Inayofaa zaidi ni ile ambayo nyaya zake huchomolewa, ili zile usizozihitaji zibaki kwenye boksi. Lakini usichanganye kamwe nyaya za pawa saplai mbili tofauti. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio wa pini upande wa pawa saplai ukiwa mwingine, na diski zikaungua mara tu unapowasha.

Thibitisha kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao kwamba toleo la BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) lililomo linaitambua prosesa yako. Prosesa mpya juu ya ubao uliokaa sana dukani inaweza kukataa kuwaka. Ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, bila prosesa, hukuokoa hapo.

Kisha panga mfuatano wa kazi, maana kwenye kasha dogo kuna sehemu ambazo mkono hautafika tena. Fungia prosesa, RAM na SSD ya M.2 (diski bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao) ubao ukiwa bado nje, juu ya boksi lake la karatasi. RAM mbili kwenye ubao wenye matundu manne kwa kawaida hukaa tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bandua nailoni iliyo chini ya kipoza na ile ya kwenye bamba la kupozea SSD. Ikisahaulika, joto halipiti. Pasta ya joto juu ya prosesa iwe tone la ukubwa wa punje ya njegere, ndipo ufunge kipoza. Ukiwa hapohapo nje, unganisha pawa saplai na uwashe. Kama prosesa haina uwezo wa kuonyesha picha yenyewe, chomeka na kadi ya michoro. Kasoro hugunduliwa kirahisi zaidi kabla nyaya hazijafichwa.

Kabla ya kuingiza ubao, hesabu nguzo ndogo za shaba zinazoubeba. Kila nguzo iwe chini ya tundu la skrubu. Iliyozidi ikigusa vidoti vya solda vya nyuma ya ubao huleta shoti. Weka bamba linalozunguka matundu ya plagi ya nyuma kama halijashikana na ubao. Pitisha waya wa pini 8 wa prosesa kwenye tundu la kona ya juu mapema, na uchomeke kabla ya kufunga feni au rejeta ya juu. Plagi ya USB ya mbele ni nene na waya wake mgumu, kwa hiyo isukume ikiwa wima ili usipinde pini. Kadi ya michoro iwe ya mwisho, kwani huifunika nusu ya chini ya ubao.

Vifaa vya mkononi ni vichache: bisibisi ya nyota namba 2 yenye sumaku, tochi, tepe za kufungia nyaya, na flashi ya GB 8 yenye mfumo endeshi pamoja na draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya mtandao.

Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao. Kwa RAM za kizazi cha DDR5, uwashaji wa kwanza unaweza kuacha skrini nyeusi kwa dakika kadhaa huku ubao ukizipima. Usizime umeme katikati.