Kufundisha haki za binadamu kwa habari ya wiki hii

Ticha mwenzangu wa Uraia, ukiingia kidato cha pili na ibara zote 30 za Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 ukawaandikisha ubaoni, watakariri, watafaulu, kesho hamna kitu. Chukua habari moja tu. Sisi huku Kasulu wala hatuhangaiki kutafuta, Kongo ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, waasi wa M23 walipoingia mji wa Goma kule Kongo Januari 2025 watoto walishasikia redioni kabla mi sijafungua mdomo.

Daunlodi klipu ya taarifa ya habari ya Kiswahili usiku bando likiwa nafuu, dakika tatu zinatosha. Icheze mara mbili. Mara ya kwanza wasikilize tu, ya pili waandike nani katendewa nini, nani katenda, na nani alipaswa kuzuia. Hilo la tatu ndo somo lenyewe, wengi tunaishia "jamani maskini" halafu kengele inalia.

Hapo lazima mmoja atasema wenye bunduki hawafanywi kitu. Mpe kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo: ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilimtia hatiani 2012 kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani kule Ituri, mashariki mwa Kongo, akala miaka 14 jela. Waulize inatosha? Waache wabishane, tena we usitoe jibu lako mapema maana watalinakili.

Ila angalia darasa lako kwanza. Mkoa huu wa Kigoma una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, una familia kibao zenye ndugu Kongo na Burundi, kwa hiyo mambo ya "wewe Mkongo hebu tusimulie" hapana kabisa, akitaka ataongea mwenyewe. Na picha za maiti zibaki huko huko WhatsApp.

Kipindi kinachofuata rudi nyumbani, la sivyo watadhani haki ni shida ya jirani. Mi natumia kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 wazazi wakikubali, hata 14 mahakama ikiridhia, yeye akaenda Mahakama Kuu kuipinga akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikampa haki. Wasome na Katiba ibara ya 12 na 13 zinazohusu usawa, wasichana ndo hapo wanaongea mpaka unatafuta pa kuwakatisha.

Homuweki: kila mmoja alete habari moja ya redio na yale maswali matatu. Asiye na redio asichapwe, apangwe na mwenzake aliye nayo.